Kisu Kilichotaka Mpini

Tupa ya kusugulia chuma ilikuwa ya moto.

Bwana Picha aliishika kwa mazoea tu, kama mtu anavyoshika kitasa cha mlango wa nyumbani kwake, akaiachia ikaanguka sakafuni. Ndiyo kwanza alikuwa ametoka kazini, sare ya hospitali bado mwilini, begi bado begani. Karakana ilikuwa imefungwa kwa kufuli tangu jana yake, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Kisu kilikuwa kimebanwa kwenye jiliwa vilevile alivyokiacha, lakini chini yake kulikuwa na kichuguu cha unga wa chuma, mweusi na laini. Naye jana alikuwa amefagia kabla ya kufunga.

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akakitazama kichuguu kile kwa macho ya mtu aliyechoka kiasi kwamba hata mshangao unamfikia umechelewa.

"Mama Cherehani!" aliita.

Mkewe alijitokeza kwenye dirisha la jikoni, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Nani kaingia humu?"

"Aingie nani, na ufunguo unatembea nao wewe? Si ulikuwa humo tangu adhuhuri? Nimekusikia unasugua, nikasema leo mzee wangu kapewa ruhusa mapema. Nikakuita chai, ukaninyamazia."

"Mimi nimefika sasa hivi."

Mkewe alilitazama lile begi begani mwake, akaitazama na sare yenye jasho kwapani. "Basi panya wa siku hizi wana ufundi," alisema, akarudi kwenye cherehani yake. Bwana Picha naye akacheka kidogo, akaenda kuoga, kwa sababu hakuwa na nguvu ya kufanya kitu kingine chochote.

Jina la Bwana Picha alipewa na wagonjwa. Alikuwa mpiga picha za eksirei katika hospitali kubwa ya mjini, kwenye chumba kisicho na dirisha, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kuwaambia watu wavute pumzi, wazuie, wapumue. Mifupa ya nusu ya mji ilikuwa imepita mbele ya macho yake. Watoto wake walikuwa wamekua na kuhama, na mwenzake wa zamu alikuwa amestaafu bila mtu wa kushika nafasi yake, kwa hiyo yeye alifanya kazi ya watu wawili na kurudi nyumbani mabega yamelegea kama nguo iliyoanikwa. Siku moja alimwambia mkewe kwamba tangu aanze kazi hajawahi kutengeneza kitu kinachoshikika. "Napiga picha za vitu vya watu wengine," alisema. "Hata kijiko sijawahi kukitengeneza."

Hapo ndipo yalipoanza mambo ya visu. Alikuwa ameona kwenye simu mtu mmoja mwenye ndevu akigeuza springi ya gari kuwa kisu, akaona usingizi unamtoka kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Akasafisha stoo ya nyuma ya nyumba. Akatafuta kipande cha reli kiwe fuawe ya kupondea chuma, akanunua nyundo, koleo na msasa, akajenga jiko la mkaa kwa matofali na udongo, na kwa kuwa hakuwa na mvukuto, aliiba mashine ya mkewe ya kukaushia nywele, akaifunga kwenye bomba ipulizie moto. Mkewe alikasirika siku nzima, kisha akacheka wiki nzima.

Kisu cha kwanza kilitoka kimepinda. "Hiki ni cha kukatia nini?" mkewe aliuliza. "Kona?" Cha pili kilipasuka alipokichovya kwenye oili, mlio wake ukamfanya aruke. Cha tatu kilikata nyanya, ingawa ilibidi kuibembeleza nyanya yenyewe. Lakini alikuwa akijifunza. Alijua sasa kuitazama rangi ya chuma ndani ya moto, na kukigusisha sumaku mpaka sumaku ikatae kushika, ndipo kichovywe. Alijua kusugua kwa tupa kwenda mbele tu, bila kurudi nayo. Mikono yake iliota sugu, naye akawa anawaonyesha wenzake kazini kama mtu aliyepata mtoto.

Chuma cha kisu cha nne alikipata kwa muuza vyuma chakavu wa karibu na soko. Kilikuwa upapi mrefu, mweusi, mzito kuliko ulivyoonekana, umelala chini ya lundo mahali ambapo maji ya mvua yalikuwa yakituama. Kila kitu kilichouzunguka kilikuwa kimeliwa na kutu, ila huo haukuwa na hata doa.

"Hiki kilitoka wapi?" Bwana Picha aliuliza.

"Kaka, humu kila kitu kilitoka mahali," muuzaji alisema. "Wewe chukua. Mimi hicho kila nikikipanga mbele nakikuta nyuma."

Bwana Picha alidhani huo ni utani wa kibiashara.

Sasa, baada ya siku ile ya tupa ya moto, kazi ya kisu hicho cha nne iliendelea bila yeye. Aliacha bapa la kisu lina mabonde ya nyundo, akalikuta limenyooka. Akaacha makali hayajaanza kutolewa, akayakuta yameshuka sawasawa pande zote mbili, kazi ambayo yule mwenye ndevu wa kwenye simu alisema inamchukua mtu miaka kuiweza. Alibadilisha kufuli. Akaweka kiti mlangoni kwa ndani, akatokea dirishani kama mwizi wa nyumba yake mwenyewe, huku jirani akimwangalia juu ya ukuta. Siku iliyofuata kiti kilikuwa palepale, na kisu kilikuwa kimepigwa msasa hata uso wake ulionekana ndani yake.

Mtu mwingine angepiga kelele. Lakini uchovu una namna yake ya kumzoesha mtu mambo. Alikuwa akirudi nyumbani miguu inawaka moto, anafungua mlango, anakuta kazi imesogea, na ndani ya moyo wake, mahali ambapo hofu ilipaswa kukaa, palikuwa na kitu kama shukrani. Kulikuwa na harufu humo ndani, kama kwato iliyoungua. Aliacha mlango wazi itoke. Haikutoka.

Jioni moja, baada ya siku ambayo foleni ya wagonjwa ilifika mpaka kwenye geti, alisimama mlangoni mwa karakana akashindwa hata kuinua mguu kuvuka kizingiti. Akaegemea fremu ya mlango. Akasema kwa utani, kwa ile sauti anayotumia mtu peke yake:

"Malizia basi, mwenzangu. Mimi sijiwezi."

Ndani, kwenye giza la stoo, kitu kilishusha pumzi. Ilikuwa pumzi ndefu ya mtu aliyekuwa akisubiri kuambiwa. Bwana Picha alijiambia ni mkaa unaojipanga ndani ya jiko la matofali. Akafunga mlango, akaenda kulala.

Kulipokucha mkewe aliamka ameushika mkono wake wa kulia.

"Nimeulalia vibaya," alisema.

Kisu kilikuwa kimekamilika, ila mpini tu. Bwana Picha alikigeuzageuza kwenye mwanga wa asubuhi, akakiona kizuri hata kikamtia aibu. Kitu kimoja tu hakukielewa, nacho ni mkia, ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini. Yeye alikuwa ameuchora mfupi na mnene. Huu ulikuwa mrefu kupita kisu chenyewe, mwembamba, umepinda kidogo sana upande mmoja, na mwisho wake umechongoka. Hakuna mpini wa kisu unaohitaji mkia kama huo.

Hata hivyo alitafuta mti mgumu, akautoboa, akauvika. Alipotoka kazini aliukuta umelala juu ya meza umepasuka vipande viwili safi, kama kitu kilichofunguliwa. Akajaribu mti mwingine, nao ukafanywa hivyohivyo. Akajaribu pembe ya ng'ombe, akaikuta nje ya mlango, imetupwa.

Na mkono wa mkewe ukazidi. Kwanza alishindwa kukata kitambaa kwa mkasi, kisha akashindwa kuzungusha gurudumu la cherehani, mwisho akawa anashika kikombe kwa mkono wa kushoto na kusema ni uzee tu, huku midomo imemkauka kwa maumivu. Nguo za watu zilirundikana juu ya kochi. Bwana Picha aliukanda mkono ule kwa maji ya moto, akaupaka dawa, na kila alipougusa kati ya kiwiko na kifundo, mkewe aliuma shuka.

"Kesho unakuja na mimi kazini," alimwambia.

"Foleni yenu ile?"

"Utapita mlango wa wafanyakazi. Angalau na mimi kazi hiyo initendee wema siku moja."

Akampiga picha mwenyewe, wakati wa chakula cha mchana, chumba kikiwa kitupu. Alimwambia avute pumzi ingawa kwa mkono haihitajiki, kwa sababu ulimi ulikwisha zoea. Mkewe akatabasamu. Kisha picha ikatokea.

Ngozi yake ilikuwa nzima. Nyama ilikuwa nzima. Ila ndani ya kigasha, katika ule mfupa mmoja ulio upande wa kidole kidogo, kulikuwa na mfereji. Ulianzia karibu na kifundo ukapanda kuelekea kwenye kiwiko, mwembamba, wenye kingo zilizonyooka, umepinda kidogo sana upande mmoja. Haukuwa umefika mwisho. Bwana Picha alikuwa ameona mifupa iliyovunjika, iliyooza, iliyoliwa na maradhi, lakini maradhi hayachongi kwa mstari.

Daktari aliitazama picha ile muda mrefu, akavua miwani, akaivaa tena. "Mashine yenu ni nzima?" aliuliza. Alipoambiwa ni nzima, aliandika dawa za maumivu, akasema watarudia wiki ijayo. Naye alikuwa amechoka.

Bwana Picha aliomba ruhusa, akarudi nyumbani na mkewe, picha mkononi. Akamketisha kwenye kochi. Aliingia karakana mchana wa jua kali, akaipachika picha kwenye kioo cha dirisha, akachukua kisu, akauweka mkia wake juu ya ule mfereji, akaona kwamba mkia na mfereji ni kitu kimoja, upana kwa upana, mpindo kwa mpindo, isipokuwa mfereji ulikuwa bado umebakiza kama urefu wa kidole kufikia mwisho, na kwamba kazi anayofanyiwa haijamalizika, inaendelea, na mahali inapoendelea si humu karakana tena.

Alikimbia ndani. Mkewe alikuwa ameketi kwenye kochi katikati ya nguo za watu, uso umejaa jasho, mkono ameuweka juu ya mto kama kitu cha kuazima.

"Mzee wangu," alisema kwa sauti ya chini sana, "njoo usikilize. Mimi nahisi nawehuka."

"Nisikilize nini?"

"Njoo. Weka sikio hapa."

Akapiga magoti, akaweka sikio juu ya kigasha cha mkewe, na kwanza hakusikia ila damu yake mwenyewe ikigonga, halafu chini ya hiyo damu, mbali na karibu kwa wakati mmoja, akasikia sauti aliyoijua kuliko zote, kwa sababu alikuwa ameisikiliza kila jioni tangu aanze kujifunza, ikienda mbele, ikiinuka, ikienda mbele tena, bila kurudi nyuma hata mara moja, taratibu, kwa uvumilivu wa fundi ambaye hana haraka wala hana mtu wa kumwambia apumzike.

Tupa.

"Umesikia?" mkewe alinong'ona.

"Nimesikia."

"Basi siwehuki."

"Huwehuki, mama."

Walikaa hivyo, na ile harufu ya kwato iliyoungua ikawa inapanda kutoka kwenye ngozi ya ule mkono.

Mkewe ndiye aliyemtaja Bi Dobi. Alikuwa mwanamke mzima aliyefua nguo za watu mtaa wa nyuma, na kila mtu alijua kwamba mambo ya namna hii aliyarithi kwa mama yake, na kila mtu alijua pia kwamba hayapendi. Bwana Picha alimkuta amezama kwenye beseni la mashuka mpaka viwikoni.

"Shikamoo, Bi Dobi."

"Marahaba. Kama ni nguo, weka pale. Kama si nguo, rudi kesho."

"Kesho mke wangu hatakuwa na mkono."

Bi Dobi alimtazama, akashusha pumzi, akatoa mikono majini. Ilikuwa imejikunja kwa sabuni kama ganda la tunda lililokauka. "Miaka yote hii," alisema, akijifuta kwa kanga, "na hawachoki hawa. Sisi tu ndio tunaochoka."

Alipofika hakwenda kwa mgonjwa. Alikwenda moja kwa moja kwenye stoo, akasimama mbele ya kisu bila kukigusa, akasoma dua kwa midomo bila sauti. Mkaa uliozimika tangu juzi ukawaka mwekundu, ukazimika tena.

"Ulimwambia nini?" Bi Dobi aliuliza.

"Nani?"

"Usinichoshe, baba. Huyu hakuingia nyumbani kwako kuiba. Anafanya kazi. Nani kampa kazi?"

Bwana Picha aliyarudia yale maneno aliyoyasema mlangoni. Yalimtoka kwa shida, moja moja.

"Ndiyo hayo," Bi Dobi alisema. "Jini la chuma hili. Lilikaa ndani ya chuma hicho likimfanyia kazi fundi fulani, Mungu anajua wa zama gani, na fundi akafa. Likabaki na mikono bila kazi. Wewe ukalipasha moto, ukaliamsha, likawa linacheza na vitu vyako tu. Halafu ukaliambia limalize. Kisu bila mpini kimekwisha?"

"Hakijaisha."

"Basi. Linatafuta mpini linaoutaka, na limeuona ndani ya nyumba yako."

"Mfukuze, Bi Dobi. Nakuomba."

"Mimi siwezi kumwachisha kazi mtu ambaye sikumwajiri. Wewe ndiye utakayeiondoa hiyo kazi. Washa moto. Kipige hicho kisu mpaka kisiwe kisu, kisiwe na makali, kisiwe na mkia, kiwe donge tu. Jua likizama kabla hujamaliza, hilo jini litakuwa limemaliza lake. Na unisikilize vizuri. Upige peke yako. Usikae, usipumzike, usikubali msaada wake hata kidogo."

"Atanisaidia vipi?"

"Anavyowasaidia watu wote waliochoka," Bi Dobi alisema, akaenda ndani kumshika mgonjwa.

Jua lilikuwa limekwisha kuvuka utosi. Bwana Picha aliwasha mkaa, akafungulia mashine ya nywele, akakizika kisu kwenye moto. Kilipokuwa chekundu alikitoa kwa koleo, akakilaza juu ya reli, akapiga. Kutoka ndani ya nyumba mkewe akapiga ukelele.

Alisita. Sauti ya Bi Dobi ikamfikia: "Piga!"

Akapiga. Chuma kilikuwa kigumu kuliko alivyokikumbuka. Alikirudisha motoni, akakitoa, akapiga, akarudisha. Makali yakajikunja. Ukelele wa mkewe ukawa kilio, kilio kikawa mguno. Jasho lilimwingia machoni. Alikuwa amesimama kazini tangu alfajiri, hakuwa amekula, na bega lake la kulia, lile analoinulia wagonjwa kila siku, likaanza kumuuma kama jino.

Ndipo sauti ikaja. Haikuwa ya kutisha. Hilo ndilo lililomtisha. Ilikuwa sauti ya mfanyakazi mwenzake, ya mtu mnayekutana mlangoni mmoja anatoka mwingine anaingia.

"Kaa kidogo, kaka."

Akapiga.

"Umesimama tangu asubuhi. Ndoo hiyo hapo. Kaa, mimi nikushikie nyundo. Kidogo tu, uvute pumzi."

Ndoo ilikuwa imesogea. Ilikuwa nyuma ya magoti yake kabisa, ikigusa suruali. Aliipiga teke.

"Mimi siyo adui yako," sauti ilisema, na hapo ilikuwa karibu na shingo, na ile harufu nayo. "Nani mwingine aliyekufanyia kazi wewe ukiwa umelala? Nani mwingine aliyekuuliza kama umechoka?"

Bwana Picha alianza kulia, bila kuacha kupiga, kwa sababu ilikuwa kweli, hakuna aliyewahi kumuuliza, na alipiga huku vidole vyake vimekufa ganzi kwenye mpini wa nyundo, huku mgongo ukikataa kunyooka, huku mwanga mlangoni ukigeuka kutoka mweupe kuwa wa njano na kutoka wa njano kuwa rangi ya chuma kinachopoa, na kisu kilikuwa kimejikunja sasa, ubavu umezama ndani ya ubavu, lakini ule mkia mrefu bado ulikuwa umesimama, mzima, umekataa, na kila alipoupiga ulirudi ukanyooka mbele ya macho yake, na mle ndani ya nyumba hakukuwa na kilio tena bali kimya, na ndani ya kimya hicho tupa ikienda mbele, ikiinuka, ikienda mbele, haraka sasa, kama fundi anayemalizia.

Aliinua nyundo. Mkono ukafika usawa wa kifua, ukagoma. Alijaribu tena, ukagoma tena. Jua lilikuwa juu ya ukuta wa jirani, limebaki jicho tu.

"Yarabi," alisema, "nipe nguvu."

Na nguvu ikaja. Ilishuka begani kama maji ya baridi, nyundo ikawa nyepesi kama fimbo ya mwanzi. Bwana Picha alipiga, mkia ukalala. Akapiga, ukakatika. Akapiga na kupiga, cheche zikiruka mpaka darini, hata juu ya reli pakabaki donge lisilo na umbo, likipoa taratibu, na jua likazama.

Tupa ilinyamaza.

Alipoingia ndani mkewe alikuwa amelala kwenye kochi, usingizi wa mtoto mchanga, kinywa wazi. Mkono wake ulikuwa umelala juu ya mto, na vidole vilikuwa vikicheza vyenyewe, kama vinavyosukuma kitambaa chini ya sindano. Bi Dobi alikuwa ameegemea ukuta, macho yamefumbwa.

"Limetoka kwake," alisema. "Nimelisikia likitoka." Akafungua macho, akamtazama Bwana Picha juu mpaka chini, kama anayetafuta doa kwenye shuka jeupe. "Na wewe? Umechoka?"

"Nimekufa kabisa," Bwana Picha alisema, kwa sababu ndilo jibu alilokuwa akilitoa kila siku ya maisha yake.

Bi Dobi alilichukua donge ndani ya ndoo ya maji ya chumvi, akaondoka akiburuta miguu. Bwana Picha alimfunika mkewe shuka. Akaketi kando yake, akasubiri miguu imuume. Haikumuuma. Alijinyoosha, akasubiri usingizi, na alfajiri ilimkuta akiwa bado anausubiri, macho makavu, bila hata kupiga mwayo.

Mkono wa mkewe ulipona. Picha ya wiki iliyofuata ilionyesha mfereji umeanza kuziba, na ile ya mwezi uliofuata ikaonyesha mfupa mzima wenye mstari mwembamba kama kovu. Daktari alisema ni mashine, yeye alikwisha sema. Nguo za watu zilipungua juu ya kochi. Stoo ilirudi kuwa stoo, na mashine ya nywele ikarudi chumbani, ingawa ilinuka moshi.

Na Bwana Picha akawa mtu mpya. Kazini walimshangaa. Alishika zamu yake, akashika na ya aliyeugua, akashika na ya aliyefiwa, na foleni iliyokuwa ikifika getini sasa iliishia mlangoni. Mganga mkuu alimsifu mbele ya watu. Nyumbani mkewe aliacha kumtania. Alikuwa akimpelekea chai, anaiweka mezani, anarudi nyuma hatua moja kabla ya kuzungumza.

"Pumzika basi, mzee wangu," alimwambia asubuhi moja, kwa ile sauti ya chini.

"Sijachoka."

"Najua," mkewe alisema, machozi yakimlenga. "Najua hujachoka. Tangu siku ile hujachoka."

Asubuhi hiyohiyo aliingia kazini mapema kuliko wote. Mgonjwa wa kwanza alikuwa binti mmoja, mwalimu, ameanguka kwenye ngazi za shule, anauliza kama itauma. Bwana Picha alimtuliza kwa upole, akamkalisha, akaulaza mkono wake juu ya kibao. Akapiga picha. Mfupa ulitokea mweupe, mrefu, umenyooka, hauna hata ufa.

Mzuri, alifikiri. Mfupa mzuri sana.

Hakujua wazo hilo limetoka wapi. Alitafuta hofu ndani yake, kama alivyokuwa akitafuta uchovu, asiione. Chumba kisicho na dirisha kilikuwa kimya. Nje, kwenye benchi, wagonjwa walikuwa wakizidi kufika, mmoja baada ya mwingine, wengine wameshika miguu, wengine mbavu, wengine mikono.

"Bwana Picha," binti alisema kwa sauti ndogo, "naomba uniachie mkono."

Alitazama chini. Kidole gumba chake kilikuwa kikitembea polepole juu ya kigasha cha yule binti, kutoka kifundo kuelekea kiwiko, kikienda mbele, kikiinuka, kikienda mbele tena. Alitaka kumwachia. Wallahi, alitaka.